Mali ya Nani?

(Maneno niliyoyasema mbele ya vijana wanaofanya biashara ya sanaa za mikono, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Itifaki naomba ihesabike imezingatiwa, maana nikianza kutaja vyeo vya waliokaa mstari wa mbele tutafika saa ya chakula sijasema neno.

Nimekuja na kanga. Hii hapa. Waliokaa nyuma wataniwia radhi, nitaipitisha mkono kwa mkono. Ilikuwa ya marehemu mama yangu, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama mbeleko. Msihangaike na jina lake, hilo kila mtu analisoma kwanza. Tazameni pembeni, maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Mwanamke wa pwani aliyevuka miaka arobaini anaijua alama hii kama anavyojua sauti ya jirani yake. Ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa ambaye watu walimzoea kwa jina la Abdulla. Mtu hodari, sina ugomvi naye. Ila nawauliza: hili pindo, haya maua ya mjini, nani aliyachora? Mkono wa nani? Hatujui. Mwenye duka tunamjua kwa herufi zake, mwenye kalamu hatumjui hata kwa lakabu.

Nimepewa mada kubwa: namna ya kuifikisha sanaa isiyojulikana kwenye soko la dunia. Mimi ni muuza mikeka na makawa, soko la dunia nimelionea dukani kwangu tu, limevaa kofia ya jua na linaomba kupunguziwa bei. Kwa hiyo nitawasimulia habari za mwanamke mmoja wa India aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya arobaini, akafanya makubwa, na nyuma yake yakabaki maswali. Nina sababu yangu ya kumfuatilia mwanamke huyu. Nitaifikia.

Anaitwa Pupul Jayakar. Alizaliwa mwaka 1915 katika mji wa Etawah, kaskazini mwa India. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, basi mtoto akakua akihamahama na vituo vya kazi vya baba. Akapelekwa London, akamaliza masomo London School of Economics mwaka 1936, akarudi, akaolewa na mwanasheria, wakakaa Bombay. Mpaka hapo hakuna cha ajabu: binti wa wakubwa, kasoma Ulaya, kapata mume. Nalisema mapema kwa sababu tunapenda kusimulia maisha ya watu kama hawa kana kwamba walianza na mikono mitupu. Huyu hakuanza na mikono mitupu. Indira Gandhi alimfahamu tangu wangali wasichana Allahabad. Mwenzio wa utotoni akija kuwa Waziri Mkuu, milango mingine inafunguka hujapiga hodi. Kijana aliyekaa pale na daftari, liandike hilo pia, usiandike ya kutia moyo tu.

India ilipopata uhuru mwaka 1947 ilikuwa na viwanda vya nguo, na ilikuwa na mamilioni ya wafumaji wanaofuma kwa mkono nyumbani kwao. Mashine inafuma haraka na inauza rahisi. Wafumaji walikuwa wanakufa njaa juu ya ujuzi wa karne nyingi. Katikati ya miaka ya 1950 Jayakar alisimamia kuanzishwa kwa kituo cha kuwahudumia wafumaji, hapo Bombay. Alichokifanya ndani ya kituo kile ndicho kilichonivutia. Aliwaajiri wachoraji. Wachoraji hasa, watu wa brashi na turubai, baadaye wengine wao wakawa majina makubwa ya sanaa ya India, kama K. G. Subramanyan na Prabhakar Barwe. Akawakalisha na wafumaji. Mchoraji analeta jicho, mfumaji analeta uzi, na kila mmoja analipwa. Huku kwetu mchoraji na msusi wa ukili wakikutana, aghalabu wamekutana kwenye daladala.

Mwaka 1955 Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalifanya maonesho ya vitambaa na mapambo ya India, na Jayakar akaandika katika kitabu cha maonesho yale. Katika safari hizo ndipo alipofahamiana na Charles Eames, Mmarekani aliyesifika kwa kubuni viti. Eames na mkewe Ray baadaye wakaalikwa na serikali ya India, wakaizunguka nchi, na mwaka 1958 wakaandika ripoti. Mnajua walisifu nini kuliko vyote? Si Taj Mahal. Walisifu lota, kile chombo cha shaba cha kubebea maji ambacho kila nyumba ya India inacho. Wamarekani wawili wamevuka bahari kwenda kusifu kopo! Lakini ripoti ile ndiyo iliyosababisha Taasisi ya Taifa ya Ubunifu kufunguliwa Ahmedabad mwaka 1961. Kopo lilizaa chuo.

Haya yote ni utangulizi. Kisa chenyewe kiko Mithila.

Mithila ni nchi ya mito kaskazini mwa jimbo la Bihar, inapakana na Nepal. Tarehe 15 Januari 1934 ardhi ilitetemeka huko, tetemeko kubwa lililoua maelfu ya watu na kubomoa miji. Ofisa mmoja Mwingereza, William Archer, aliyekuwa na kituo chake Madhubani, alizunguka vijijini kukagua uharibifu. Nyumba zilikuwa zimepasuka, kuta za udongo zimelala, vyumba vya ndani viko wazi mbele ya macho ya mgeni mwanamume. Na ndani ya vyumba vile, ukutani, akaona michoro. Alikuwa mtu wa kupenda sanaa, akaifananisha na kazi za Klee na Miró, wachoraji wakubwa wa Ulaya. Akapiga picha, na mwaka 1949 akachapisha makala. Kwa mara ya kwanza dunia ya wasomi ikasikia kwamba kuna kitu Mithila.

Nataka mama zangu mlioko hapa mfikirie. Chumba kile kinaitwa kohbar. Ni chumba cha bwana na bibi harusi. Sisi tuna fungate, wao wana siku nne, na usiku wa nne ndipo ndoa inapotimia. Kabla ya hapo wanawake wa ukoo wanaingia chumbani, wanachora ukuta. Yungiyungi na miti ya mianzi, mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume, mambo mengine sitayafafanua mbele ya watoto. Samaki, kasa, kasuku wawili wawili, jua na mwezi. Masizi ya taa ndiyo wino mweusi, manjano ya jikoni ndiyo rangi ya njano, nili ndiyo buluu, uji wa mchele ndio nyeupe. Brashi ni kijiti cha mwanzi kilichofungwa uzi wa pamba. Bibi anamfundisha mjukuu kama somo anavyomfundisha mwari: kwa vitendo, mlango umefungwa, na hakuna cheti.

Kazi ile ilikuwa ya wanawake, ya ndani, na haikuwekwa idumu. Masika yakija ukuta unaharibika, harusi nyingine ikija unapakwa upya. Nani alichora? Kijiji kizima kinajua. Mkono wa mtu unajulikana kama mwandiko, hakuna haja ya sahihi.

Sasa ukame. Mwaka 1966 na 1967 mvua iliikataa Bihar, njaa ikaingia. Jayakar wakati huo alikuwa na sauti kubwa katika idara za serikali za sanaa za mikono. Akamtuma Madhubani msanii mmoja wa Bombay, Bhaskar Kulkarni. Mzigo wa Kulkarni ulikuwa karatasi. Karatasi nene zilizotengenezwa kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kuwashawishi wanawake wachore juu ya karatasi yale wanayoyachora ukutani, naye atazinunua.

Hebu nikae hapa kidogo, kwa sababu kwenye karatasi ile ndiko kuliko na biashara yote.

Ukuta hausafiri. Unaweza kuwa na sanaa inayoshinda ya Miró, ikiwa imeshikamana na nyumba ya mtu itabaki kuwa habari ya mgeni aliyepita. Karatasi inakunjwa, inatiwa begini, inapanda treni mpaka Delhi. Edward Tingatinga wetu, mtu wa Tunduru, mwaka 1968 alipoanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya siling bodi, akauza nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, aligundua jambo lilelile bila Kulkarni yeyote: kipimo cha picha ni sanduku la msafiri. Kuna wataalamu watakaowaambia kwamba sanaa ilitoka kwenye ibada ikaingia kwenye biashara, watanuna. Waacheni wanune. Wanawake wale walikuwa na njaa, na pesa ililipwa mkononi.

Lakini karatasi ilibadilisha jambo jingine ambalo sidhani Kulkarni alilipangia. Ukuta ulikuwa na majirani wa kusema huu ni mkono wa fulani. Karatasi ikifika Delhi haina jirani. Hapo ndipo jina likahitajika. Aliyeandika jina chini ya picha alibaki kuwa mtu. Ambaye hakuandika akawa “sanaa ya kijiji”.

Na majina yakajitokeza. Jagdamba Devi wa kijiji cha Jitwarpur alipewa nishani ya Padma Shri na serikali ya India mwaka 1975. Sita Devi, wa Jitwarpur vilevile, Mbrahmani, mwenye rangi zilizojaa pomoni, akapewa yake mwaka 1981. Ganga Devi, wa tabaka la Kayastha, yeye alikuwa mtu wa mistari, mistari myembamba kama unywele, akaipata mwaka 1984. Wanawake waliokuwa hawatoki uani bila kujitanda ushungi wakawa wanaitwa ikulu.

Nimetaja matabaka makusudi. Mwanzoni waliofikiwa ni Wabrahmani na Wakayastha, watu wa juu, maana wao ndio waliokuwa na michoro ile inayojulikana. Wanawake wa Kidusadh, Wadaliti ambao jamii iliwaita najisi, walikuwa kijiji hichohicho na hawakuonekana. Miungu ya wakubwa si yao. Wakachukua kilichokuwa chao: chale na michoro ya mwilini, godna, wakaihamishia kwenye karatasi, mistari na miduara, na hekaya za shujaa wao Salhesh. Chano Devi akawa jina. Mwanamke mwingine, Dulari Devi, wa jamii ya wavuvi, alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya wachoraji huko Ranti. Anafagia, anaosha vyombo, anaangalia wenye nyumba wanavyochora. Naye akaanza. Mwaka 2021 alipewa Padma Shri. Kila nikikumbuka habari hii nawaza wale mabinti wanaofagia maduka yetu ya sanaa hapa mjini, tunaowaambia wasishike brashi, ni ghali.

Basi, Kulkarni mwenyewe? Hakuishia Mithila. Alikwenda kwa Wawarli, watu wa milimani kaskazini ya Bombay, ambako wanawake wanachora harusini kwa unga wa mchele mweupe juu ya ukuta mwekundu. Kutoka huko akajulikana Jivya Soma Mashe, mwanamume aliyechora kazi ya wanawake na akaifikisha mbali. Lakini jina la Kulkarni ukilitaja leo, nje ya watu wa fani, wengi watakuuliza ni nani. Mkubwa wake anajulikana, wachoraji wanajulikana, mbeba karatasi amesahaulika. Hii biashara ina matabaka yake pia.

Jayakar alipanda. Alikuwa mwenyekiti wa shirika la serikali la kuuza nje sanaa za mikono na nguo za kufumwa kwa mkono. Akawa mshauri wa utamaduni wa Indira Gandhi, baadaye wa mwanawe Rajiv. Na hapo akaja na kitu kikubwa kuliko duka lolote: Tamasha la India. London mwaka 1982, lilifunguliwa na mawaziri wakuu wawili wanawake, Indira Gandhi na Margaret Thatcher. Ufaransa na Marekani mwaka 1985. Miezi na miezi ya maonesho, muziki, vitambaa, mafundi wakifanya kazi mbele ya watu.

Kulikuwa na lawama. Wapo Wahindi waliouliza: nchi yenye makombora na madaktari inakwenda Washington kuonesha wacheza mazingaombwe na wafinyanzi? Wengine wakasema mafundi wanawekwa kama wanyama wa bustanini. Mimi lawama ya kwanza naiona ya watu wanaoona haya bure. Ya pili ina uzito. Nimewahi kumwona bibi mmoja akisuka ukili kwenye maonesho hapahapa nchini, kaketishwa juani kutwa nzima, watu wanapita wanampiga picha, na bango lililokuwa juu ya kichwa chake lilikuwa la benki.

Ila sikilizeni alichokifanya Ganga Devi. Mwaka 1985 alikuwa Washington, katika tamasha la uwanjani. Watu walikwenda kumtazama yeye. Kumbe naye anawatazama. Alipandishwa kwenye lile gari la reli la michezo, linalopanda taratibu halafu linaporomoka watu wanapiga mayowe. Aliporudi akalichora. Reli inajizungusha kama nyoka, vichwa vidogo vya Wamarekani vimepangwa safu, mistari ileile ya kohbar. Akachora na ule mnara mrefu wa Washington. Mwanamke aliyekuwa ameachwa na mumewe kwa ajili ya mke mwingine, aliyeishi kwa shida sana kabla ya karatasi ile kufika, akakaa akaichora Marekani kwa namna yake, nao Wamarekani wakawa nakshi. Hakuna hotuba iliyowajibu wenye lawama vizuri kuliko picha hiyo.

Baadaye akaugua saratani. Akachora na hospitali: vitanda, wauguzi, safari ya kwenda kutibiwa. Akiwa Delhi kwa matibabu, alichora chumba kizima cha kohbar katika Makumbusho ya Sanaa za Mikono, ukuta kwa ukuta, kazi ya mtu anayejua hana muda. Akafa mwaka 1991. Mwaka 2015 makumbusho yakiwa katika ukarabati, zile kuta zikaondolewa. Kazi ya mtu mwenye Padma Shri, ndani ya nyumba iliyojengwa kuitunza. Nikilisoma hili nakaa kimya. Karatasi zake zimo Ulaya, Japani na Marekani, salama. Ukuta wake, uliokuwa kwao, ndio uliokwenda.

Nimetaja Japani. Huko yupo mtu wa aina nyingine kabisa: Tokio Hasegawa. Jayakar alikuwa na serikali nyuma yake, Hasegawa alikuwa na shule iliyofungwa kwa kukosa wanafunzi, mlimani Tokamachi, mkoa wa Niigata, mahali ambapo theluji inazidi kimo cha mtu. Mwaka 1982 akafungua humo Makumbusho ya Mithila. Badala ya kununua na kuondoka, akawaalika wachoraji waje wakae, wapewe nafasi na muda, wachore makubwa. Ganga Devi alikwenda. Baua Devi, mchoraji mwingine wa Mithila, alikwenda tena na tena. Kwa mchoraji aliyezoea dalali anayesema “nataka hamsini kufikia Ijumaa”, miezi ya kuchora bila kusukumwa ni zawadi.

Na ni hukohuko, mwaka 2001, ndiko alikofia Jangarh Singh Shyam. Huyu hakuwa wa Mithila, alikuwa Mgondi wa kijiji cha Patangarh, katikati ya India. Mwaka 1981 watu wa mchoraji J. Swaminathan, waliokuwa wakikusanya sanaa kwa ajili ya nyumba mpya ya Bharat Bhavan ya Bhopal, waliiona michoro yake ukutani, naye ni kijana mbichi. Wakamleta mjini. Ndugu na jamaa wakamfuata, wakajifunza kwake, na mtindo ule sasa unaitwa kwa jina lake, kalamu ya Jangarh. Hamkumbuki mwingine? Tingatinga vilevile: ndugu na watu wa kwao wakamfuata, jina lake likawa jina la mtindo, na yeye mwenyewe akafa mapema, mwaka 1972, kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Jangarh alijiua, katika makumbusho yale, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Sitasimulia zaidi, sikuwapo. Ninachojua ni kwamba wasanii wa India walisimama wakauliza maswali magumu juu ya malipo na mikataba ya wachoraji wa vijijini wanaoalikwa nje: imeandikwa kwa lugha gani, nani anamsomea, akitaka kurudi nyumbani mapema anamwambia nani. Hayo maswali waulizeni wanaowaalika nyinyi. Waulizeni kabla ya kupanda ndege.

Mwaka 1989 Jangarh, Baua Devi na Jivya Soma Mashe walikuwa pamoja Paris, katika maonesho makubwa yaliyochanganya wasanii wa dunia nzima, wenye majina ya Ulaya na Marekani na hawa wa vijijini. Katika maonesho hayohayo alikuwamo Chéri Samba, mchoraji wa Kinshasa. Na alikuwamo John Fundi, mchongaji wa Kimakonde wa Msumbiji. Nimejaribu mara nyingi kumwaza Fundi na Baua Devi wakipishana ukumbini, mmoja ana shetani wa mpingo, mwingine ana nyoka wa rangi, wanaangaliana. Sijui walisalimianaje.

Naye Fundi hakuota kama uyoga. Nyuma ya vinyago vya Kimakonde kuna miaka ya watu kununua na kuuza. Hapa Dar es Salaam alikuwapo Mohamed Peera, mfanyabiashara wa asili ya Kiasia, aliyenunua vinyago vya Wamakonde tangu miaka ya 1950, na aliyempa moyo Samaki Likankoa wakati yale mashetani yalipoanza kuchongwa. Tunamjua Likankoa kwa jina. Mamia ya wengine waliouza kwa kilo, majina yao yalibaki kwenye vumbi la mpingo.

Sasa sababu yangu.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua mikeka kwa mama mmoja wa Pemba. Mikeka ya rangi, miyaa imechambuliwa nyembamba, ukili umesukwa hata huoni ulipoungwa. Nilinunua kwa muda mrefu, kwa bei ambayo sitaitaja mbele yenu kwa sababu nina haya. Nikaining’iniza ukutani dukani kama picha, nikaandika kijikaratasi: “Mkeka wa Pemba”. Chini yake jina la duka langu. Siku moja akaja mgeni, mwanamke, akasimama mbele ya mkeka mmoja robo saa. Akaniuliza: nani kausuka? Nikamwambia, wanawake wa Pemba. Akasema, naona, lakini huu, nani? Nikafungua kinywa. Jina kamili la yule mama nilikuwa silijui. Nilikuwa nimemwita Mama miaka yote hiyo, kwa heshima, nikidhani heshima inatosha.

Nilipoanza kutafuta wengine walifanyaje ndipo nikamkuta Jayakar, na Kulkarni na karatasi zake. Nilipokwenda tena Pemba yule mama alikuwa macho yameingia ukungu, hasuki tena. Binti yake anasuka. Nikamwambia nataka kuandika majina. Yule mama akacheka sana. Akasema, mwanangu, mkeka wangu mimi naujua hata nikiukuta Maskati. Akanionesha: pembeni, ukili wa mwisho, miyaa mitatu ya kahawia imepita juu mahali inapopaswa kupita chini. Katika kila mkeka. Ilikuwa sahihi yake. Nilikuwa nimeiuza miaka yote, na mara mbili nilimkata bei nikidhani ni kosa.

Bei niliirekebisha. Ya nyuma sikuweza kuirekebisha yote, nimelipa kiasi.

Kanga ya mama yangu naiomba irudi mbele, jamani, nimeiona inakunjwa na mtu. Mikeka iko nje, kwenye meza iliyo karibu na chai. Kila mmoja umeshonewa nyuma kitambaa chenye jina, kijiji na mwaka. Kuna mmoja, wa zamani, niliununua tena kwa mteja kwa bei mara nne ya niliyomuuzia. Huo hauna kitambaa. Ugeuzeni, mtafute ile miyaa mitatu. Huo siuzi.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Maswali nitayajibu palepale mezani.